Kompyuta tatu, leja moja: si kila upotevu dukani ni wizi

SIKU ya kuhesabu mali ni siku ya hukumu kwa karani wa duka. Mwenye mali husimama na karatasi mkononi, vijana hupanda juu ya marobota, na jioni tarakimu mbili huwekwa ubavu kwa ubavu: ya vitabuni na ya ghalani. Zikitofautiana, mazungumzo huwa mafupi. Karani hukatwa mshahara, na tofauti ikiwa kubwa hufukuzwa au hupelekwa polisi.

Desturi hiyo ilikuwa na mantiki yake wakati wa daftari moja, kalamu moja na kaunta moja. Aliyeandika alijulikana kwa mwandiko wake. Leo duka la jumla la wastani pale Kariakoo lina kompyuta mbili au tatu mbele, moja stoo na moja kwa mhasibu, na zote zinaandika katika hesabu ileile. Katika hali hiyo vitabu vyenyewe vinaweza kusema uongo, bila mtu kuiba na bila mashine yoyote kuharibika. Kinachokosewa ni namna programu ilivyosukwa.

Jambo hili linamhusu mfanyabiashara anayetaka kuagiza programu ya duka, na linamhusu pia mwekezaji mdogo anayeweka fedha zake katika kampuni yenye matawi. Wote wawili hutegemea tarakimu zinazotoka kwenye kompyuta, na ni vyema wajue tarakimu hizo hupikwa vipi.

KOSA LINAVYOZALIWA

Tuchukue mfano wa duka la vifaa vya ujenzi lenye kaunta mbili. Asubuhi ghalani mna mabati 100. Saa nne karani wa kaunta ya kwanza anafungua ukurasa wa mabati, na kompyuta yake inasoma 100. Dakika hiyohiyo karani wa kaunta ya pili anafungua ukurasa huohuo, naye anasoma 100. Wa kwanza anauza mabati 10. Kompyuta yake inapiga hesabu na kuandika kwamba yamebaki 90. Wa pili anauza mabati 15; kompyuta yake nayo inapiga hesabu na kuandika kwamba yamebaki 85. Kwa kuwa yeye ameandika mwisho, 85 ndiyo inayosimama.

Ukweli ni kwamba yametoka mabati 25 na yamebaki 75. Vitabu vinadai 85. Ikiwa bati moja ni shilingi 30,000, duka limepata upungufu wa shilingi 300,000 katika dakika moja. Kama karani wa kwanza ndiye angechelewa kubonyeza, vitabu vingesema 90 na upungufu ungekuwa shilingi 450,000.

Msomaji aangalie jambo moja hapa. Fedha za mabati yote 25 zimo kwenye droo. Risiti zote zimetolewa. Hakuna aliyeiba hata msumari. Lakini mwisho wa mwezi mtunza stoo ataulizwa mabati 10 yamekwenda wapi, na hatakuwa na jibu.

Duka lenye kaunta moja halikutani na kosa hili. Duka lenye kaunta mbili hukutana nalo mara chache, siku zenye wateja wengi tu, na ndiyo maana ni vigumu kulikamata. Fundi akija kukagua siku ya Jumanne tulivu, kila kitu kinakwenda sawa.

NJIA TATU ZA KUSUKA PROGRAMU

Programu za kompyuta za mezani zinazotumia hesabu moja husukwa kwa njia tatu, na bei zake hutofautiana.

Njia ya kwanza ni kila kompyuta kuwa na faili lake, kisha jioni mafaili yanaunganishwa kwa kunakiliwa kwenye kidude cha kuhifadhia kumbukumbu. Ni rahisi kuanza, lakini mchana kutwa hakuna anayejua hali halisi ya stoo. Kaunta mbili zinaweza kuuza mfuko uleule wa saruji.

Njia ya pili ni kuweka faili moja kwenye kompyuta mojawapo na kuziruhusu nyingine kulifungua kupitia waya wa mtandao wa dukani. Hivi ndivyo zilivyofanya kazi programu nyingi za maduka na ofisi katika miaka ya 1980 na 1990, zilizotengenezwa kwa dBase, FoxPro na baadaye Microsoft Access iliyoingia sokoni mwaka 1992. Njia hii inatosha kwa watu wachache wanaofanya kazi taratibu. Udhaifu wake ni kwamba kila kompyuta inaingiza mkono wake moja kwa moja ndani ya faili. Umeme ukikatika au waya ukilegea wakati kompyuta moja inaandika, faili zima linaweza kuharibika. Aidha faili la Access haliwezi kuzidi gigabaiti 2. Ipo pia SQLite, iliyotolewa mwaka 2000, ambayo ni imara sana ndani ya kompyuta moja. Yenyewe humruhusu mwandishi mmoja tu kwa wakati mmoja, na watengenezaji wake wanatahadharisha kuhusu kuweka faili lake kwenye folda ya mtandao inayoandikwa na kompyuta nyingi.

Njia ya tatu ni kuwa na kanzidata inayosimamiwa na seva. Hapa hakuna kaunta inayogusa faili. Kaunta hutuma ombi, seva hulipokea, hulipima kwa kanuni zilizowekwa, huandika, kisha hujibu. Mfano wake ni benki ya zamani: mteja haingii chumba cha fedha, husimama dirishani na kukabidhi hati, na aliyeko ndani ndiye anayefungua leja.

Fikra ya kupanga taarifa kwa namna hii ina umri wa zaidi ya miaka 50. Mwaka 1970 Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa mtafiti wa kampuni ya IBM huko San Jose, California, alichapisha makala iliyoeleza jinsi ya kuziweka katika majedwali taarifa nyingi zinazotumiwa na watu wengi kwa pamoja. Kanzidata nyingi za biashara zinazotumika leo ni watoto na wajukuu wa makala hiyo. Mbili kati yake, MySQL iliyotoka mwaka 1995 na PostgreSQL iliyopewa jina hilo mwaka 1996, zinapatikana bila kulipia leseni. Kwa hiyo mfanyabiashara mdogo anayeambiwa kwamba njia ya tatu ni ya makampuni makubwa peke yake aombe maelezo zaidi. Gharama kubwa iko kwenye kazi ya mtu anayesuka, na kwenye kompyuta moja ya kuaminika itakayokaa na leja.

Wawekezaji wadogo tayari wanaifahamu njia hii hata kama hawajaitambua. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza kuuza hisa mwezi Aprili 1998, hisa za kwanza zikiwa za TOL, na mwaka 2006 lilihamia kwenye mfumo wa kielektroniki. Soko la Nairobi nalo lilifanya hivyo mwaka huohuo. Leo dalali hana hisa zako ndani ya kompyuta yake. Anatuma ombi, hisa ni mstari katika leja kuu, na leja hiyo haikubali hisa moja iuzwe kwa watu wawili. Duka la mabati linahitaji kitu kilekile kwa kipimo kidogo.

KANUNI IKAE NDANI YA LEJA

Hata hivyo, kununua seva peke yake hakuponyi kitu. Programu iliyosukwa vibaya inaweza kusoma 100 kutoka kwenye seva nzuri kabisa, ikapiga hesabu yake yenyewe, na kurudisha 85. Tiba ni kubadili kinachotumwa. Kaunta isiseme "andika 85". Iseme "toa 15", na leja ndiyo ipige hesabu.

Kanzidata ikipokea "toa 10" na "toa 15" kwa pamoja, huufunga mstari wa mabati kwa sehemu ndogo ya sekunde, humhudumia wa kwanza, kisha wa pili. Jibu litakuwa 75 hata wabonyeze kwa mpangilio gani.

Tena kanuni kama "mali isishuke chini ya sifuri" iandikwe ndani ya kanzidata yenyewe. Watengenezaji wengi huiweka kwenye ukurasa wa kaunta pekee, yaani kompyuta ya karani ndiyo inayokataa. Kesho ikiongezwa kompyuta ya nne yenye toleo tofauti la programu, kanuni haipo tena. Kanuni iliyo ndani ya leja inamkuta kila anayeingia, hata kwa mlango wa nyuma.

Mhasibu ataongeza sharti lingine ambalo alilijua kabla ya kompyuta: usifute, sahihisha kwa ingizo jipya. Programu nzuri huhifadhi kila mwendo wa mali, yaani iliyoingia, iliyouzwa, iliyorudishwa na iliyovunjika, na salio hupatikana kwa kujumlisha. Siku likitokea bishano, mtu anaweza kurudi nyuma mstari kwa mstari. Programu inayohifadhi salio peke yake haina ushahidi wowote wa kutoa.

UMEME UKIKATIKA KATIKATI

Uuzaji mmoja kwa mkopo una maandishi manne: mali inapungua, ankara inaandikwa, deni la mteja linaongezeka, na mauzo ya siku yanapanda. Umeme ukikatika baada ya maandishi mawili, duka linabaki na mali iliyotoka bila mdaiwa.

Kanzidata za kisasa zina dawa ya hilo, nayo ni muamala. Maandishi yote manne hufungwa katika fungu moja: ama yote yameingia, ama hakuna hata moja. Lakini dawa hii haifanyi kazi mpaka mtengenezaji aitumie. Mwulize, na mjaribu mbele yako. Anza kuuza, chomoa waya wa kompyuta ya kaunta katikati ya kazi, kisha washa na uangalie vitabu. Jaribio hilo halihitaji shahada.

Lipo kosa la upande wa pili pia. Watengenezaji wengine kwa kuogopa migongano hufunga mstari wa mali tangu karani anapofungua ankara mpaka anapoimaliza. Karani akienda kula chakula cha mchana ankara ikiwa wazi, duka zima husimama. Kufunga kuwe kwa wakati wa kuandika tu.

FUNZO KUTOKA UINGEREZA

Anayedhani haya ni mambo madogo ya mafundi aitazame Posta ya Uingereza. Kuanzia mwaka 1999 shirika hilo lilifunga kompyuta za mfumo ulioitwa Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya Fujitsu, katika ofisi ndogo za posta nchi nzima. Nyingi ya ofisi hizo zilikuwa ndani ya maduka ya kawaida ya mitaani na vijijini, na wenye maduka hao walibanwa na mkataba kufidia upungufu wa hesabu.

Upungufu ukaanza kutokea. Shirika liliamini kompyuta. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani kwa makosa kama wizi na kughushi hesabu. Wengine walifungwa jela, wengine waliuza nyumba zao kulipa fedha ambazo hazikuwahi kupotea.

Mfano mmoja unaonyesha jinsi kosa linavyoweza kuwa dogo. Mwaka 2015, katika ofisi ya Dalmellington huko Scotland, mwendeshaji alikuwa akipokea pauni 8,000 zilizohamishiwa tawi dogo. Ukurasa haukusogea baada ya kubonyeza, akabonyeza tena. Mfumo ukaandika mapokezi manne, jumla pauni 32,000. Vitabuni pakaonekana upungufu wa pauni 24,000, wakati fedha zilizopita mkononi zilikuwa 8,000 tu.

Ni nani kati yetu ambaye hajabonyeza mara mbili kompyuta ilipochelewa? Kinga yake inajulikana: kila shughuli ipewe namba yake ya pekee tangu inapofunguliwa, na leja ikatae namba hiyo ikija mara ya pili. Namba ya ankara iliyochapwa kwenye kitabu cha risiti ilifanya kazi hiyohiyo kwa miaka mingi.

Mwezi Desemba 2019 Mahakama Kuu ya Uingereza, katika kesi ya wadai 555 walioongozwa na Alan Bates, ilithibitisha kwamba mfumo ulikuwa na kasoro zilizoweza kuleta upungufu wa uongo. Ilithibitisha pia kwamba wafanyakazi wa Fujitsu waliweza kuingia kutoka mbali na kuandika katika hesabu za ofisi bila mwenye ofisi kujua, jambo ambalo Posta ilikuwa imelikanusha kwa miaka. Mwaka 2021 Mahakama ya Rufani ilifuta hukumu za watu 39 kwa siku moja, na mwaka 2024 Bunge likapitisha sheria ya kufuta nyingine kwa pamoja. Ilikuwa miaka 25 tangu mfumo ulipoanza kutumika.

NANI ALIANDIKA?

Jambo hilo la kuingia kutoka mbali linagusa maduka ya kwetu moja kwa moja. Mara nyingi makarani wote hutumia jina moja na neno la siri moja, na mara nyingi zaidi mtengenezaji wa programu huondoka na ufunguo mkuu mfukoni. Kwa hali hiyo hakuna upungufu unaoweza kuhusishwa na mtu kwa haki.

Kila mtu awe na jina lake la kuingilia. Keshia aruhusiwe kuongeza uuzaji, asiruhusiwe kuufuta. Kubatilisha kufanywe na msimamizi, na sababu iandikwe. Ruhusa hizo ziwekwe ndani ya kanzidata. Ufunguo mkuu usifichwe ndani ya programu iliyo kwenye kompyuta ya kaunta, maana mtu mwenye ujuzi kidogo huweza kuutoa. Kuwepo pia na kumbukumbu ya nani aliandika nini na saa ngapi, ambayo hata mtengenezaji hawezi kuigusa bila kuacha alama.

Majina na namba za simu za wadaiwa nazo si mali ya kutawanywa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019.

MATAWI YALIYO MBALI

Mwenye duka Kariakoo na tawi Morogoro ana swali gumu zaidi. Waya wa dukani ni mfupi na haukatiki ovyo. Intaneti kati ya miji hukatika. Tawi lifanye nini likikosa mawasiliano?

Jibu si la fundi peke yake, ni la kibiashara. Ukiamua tawi lisimame, vitabu vitakuwa sahihi lakini mteja ataondoka. Ukiamua liendelee kuuza na kutuma mauzo baadaye, lazima liwe na mali yake lenyewe vitabuni na mfululizo wake wa namba za ankara, na lisiahidi mali ya ghala la mjini mpaka mawasiliano yarudi. Anayetaka yote mawili kwa wakati mmoja anataka kisichowezekana, na mtengenezaji anayemkubalia anatafuta malipo ya awali. Zaidi ya hayo, kompyuta ya tawi isiunganishwe na kanzidata moja kwa moja kupitia intaneti ya wazi. Iwepo programu ya kati inayopokea maombi na kuyakagua, au njia iliyofungwa kwa ufunguo.

KABLA YA KUTIA SAHIHI

Kwa muhtasari, mfanyabiashara anayekaribia kulipa malipo ya awali amwulize mtengenezaji maswali haya, na majibu yaingie katika mkataba:

1. Leja inakaa wapi, na ni programu gani inayoisimamia?

2. Kaunta mbili zikiuza bidhaa moja kwa wakati mmoja, nini kitatokea? Nionyeshe.

3. Umeme ukikatika katikati ya mauzo, vitabu vitasomaje? Nionyeshe.

4. Karani akibonyeza mara nne, yataandikwa mauzo mangapi?

5. Nani anaweza kufuta, na alama ya kufuta itabaki wapi?

6. Nakala ya akiba inachukuliwa kila siku saa ngapi, inahifadhiwa jengo gani lingine, na mara ya mwisho kujaribu kuirudisha ilikuwa lini?

7. Tukiachana, maneno yote ya siri na taarifa zote nitakabidhiwa kwa namna gani?

Betri ya akiba kwa ajili ya seva, ile inayojulikana madukani kama UPS, ihesabiwe kuwa sehemu ya programu. Bila hiyo mengine yote yanasimama kwenye mchanga.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la siku hizi linaandikwa na mikono mingi kwa mara moja, na likisukwa ovyo hupoteza mali ambayo ipo, na kumpoteza pamoja nayo karani ambaye hakuchukua kitu. Kwa hiyo mwisho wa mwezi huu, tarakimu mbili zikikataa kulingana, mwenye mali aanze kwa kujumlisha risiti. Fedha zikiwa kamili na mali ikawa pungufu, kabla ya kumwita karani amwite kwanza aliyesuka programu.